Bi Pimbi na Vikapu Karibu Kumi

Ngano inapita!
— Ipitie kwetu!
Imebeba nini kichwani?
— Imebeba neno!
Neno zito au neno jepesi?
— Litue, tulipime!

Haya, nalitua. Shikeni upande wenu, nami nashika upande wangu.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaajiriana, palikuwa na Kiboko katika Bonde la Matete. Kiboko alikuwa na tumbo, na tumbo lilikuwa na Kiboko. Akitembea, tumbo linatangulia. Akilala, tumbo linabaki macho, linanguruma: nguruu, nguruu. Upande wa kulia wa mto alikuwa na shamba la viazi vitamu, upande wa kushoto alikuwa na shamba la mahindi, na akisimama katikati alitazama shamba la jirani.

Lakini mchoyo huyu hakupenda kuitwa mchoyo. Alichopenda kuliko viazi, kuliko hata mahindi mabichi, ni kusikia watu wakisema: yule bwana ni mwenyeji hasa. Na katika Bonde la Matete mwenyeji alijulikana kwa jambo moja. Mtu akipiga hodi, unaitikia karibu. Ukishaitikia karibu, huyo ni mgeni wako mpaka jua litue. Mgeni analetewa kikapu kilichojaa, na kikapu cha mgeni hakirudi ghalani. Mgeni anapewa kivuli, na mgeni hatumwi kazi, hata ya kuokota kijiti. Ndivyo walivyoishi, na aliyekwenda kinyume alisemwa kwenye maji ya kunywa asubuhi na kwenye maji ya kunywa jioni.

Sasa, Kiboko alikuwa na shida. Ngozi yake haikuliweza jua. Jua likichomoza, anazama mtoni, chubwi, zinabaki pua na masikio. Ngedere walilijua hilo. Jua likipanda, ngedere wanashuka. Chacha, chacha, mahindi yanavunjwa. Chacha, chacha, mahindi yanabebwa kwapani. Kiboko akisikia, anatoka majini, bwata, bwata, bwata, na akifika shambani ngedere wako juu ya miti wanamrushia magunzi. Gunzi la kwanza puani, gunzi la pili sikioni. Anarudi majini akiwa na hasira, na hasira inampa njaa.

Akamwita karani wake, Yangeyange, ndege mweupe aliyesimama mgongoni kwake siku zote akimtoa kupe. Akamwambia amtafutie mlinzi wa mchana, mwenye jicho kali na mluzi unaofika mbali.

"Mwambie mshahara ni karibu vikapu kumi vya viazi kwa mwezi," akasema Kiboko. "Sema hivyo hivyo. Usiongeze neno, usipunguze neno."

Yangeyange alikuwa mnyoofu kama miguu yake. Akaruka na ujumbe wake, hakuongeza, hakupunguza, mpaka Mlima Kokoto, kwa Bi Pimbi.

Bi Pimbi alikuwa mdogo. Masikio yake kama vifungo viwili vya shati, mkia hana kabisa. Mumewe alichukuliwa na tai msimu uliopita, akamwachia watoto watatu na pango moja. Alichokuwa nacho cha kwake mwenyewe ni jicho na mluzi. Lo, mluzi ule! Fiiiiu! Ulitoka kwenye jiwe moja, ukagonga jiwe la pili, ukarudi ukiwa umeongezeka. Lakini kule mlimani kila pimbi alipiga mluzi, wa juu na wa chini, mchana kutwa, na hakuna aliyemlipa jirani kwa kitu alichokuwa nacho mwenyewe. Majani yalikuwa machache. Watoto walilala wakitafuna vidole.

Yangeyange aliposema "karibu vikapu kumi", masikio ya Bi Pimbi yalifanya kosa ambalo masikio yenye njaa hufanya. Neno "kumi" lilikuwa nono, likaingia lote. Neno "karibu" lilikuwa jembamba, likapita pembeni.

Siku hiyo hiyo akafunga mzigo. Pango lake akampa Nungunungu, jamaa mwema aliyekuwa akinyeshewa. Nungunungu akashukuru, akaingia kinyumenyume, akajipanga, na miba yake ikajaa pango zima, ukuta huu mpaka ukuta ule. Akalala. Ukimjua nungunungu, unajua kwamba akishalala hivyo hatoki, na hakuna mwenye mkono wa kumtoa.

Bi Pimbi na watoto wakatembea siku tatu. Miguu ilikuwa mifupi na njia ilikuwa ndefu, kwa hiyo aliwaimbia:

Twende, twende, kumi iko mbele.
Twende, twende, mlima uko nyuma.

Watoto wakaitikia "kumi, kumi, kumi", wakatembea.

Wakafika Bonde la Matete asubuhi, Pundamilia na Swala wakiwa wanakunywa maji. Bi Pimbi akasimama nje ya ua wa matete, akajipangusa vumbi, akapiga hodi.

"Karibu," akaitikia Kiboko kutoka majini, kwa sauti ya kusikiwa na wanywaji wote. "Karibu mama, karibuni watoto, karibuni sana."

Akajitokeza mpaka shingoni. Akamwonyesha shamba la viazi, akamwonyesha shamba la mahindi, akamwonyesha Jiwe la Juu, jiwe kubwa lililosimama katikati ya shamba, lenye pango kavu chini yake, mahali ambapo mlinzi angekaa na kulala. Bi Pimbi alilitazama lile pango, na moyo wake ukaingia ndani yake kabla ya miguu. Kisha Kiboko akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba mshahara ni vikapu vitatu kwa mwezi.

Bi Pimbi akadhani maji yameingia masikioni. Akauliza kwa adabu kama si kumi.

"Mimi nilisema karibu kumi," akajibu Kiboko. "Sikusema kumi. Vitatu viko karibu na kumi."

"Karibu kwa namna gani, bwana?"

"Ukisimama mbali ukavitazama, vyote ni vikapu."

Bi Pimbi akamgeukia Yangeyange. Yangeyange akatazama miguu yake. Ni kweli alisema karibu. Hakuongeza, hakupunguza.

Ndipo Kiboko akatoa lile alilokuwa amelificha chini ya ulimi tangu mwanzo. Akalisema polepole, kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Na tena umeshahama, mama. Utarudi wapi?"

Bi Pimbi akaliona pango lake la Mlima Kokoto, limejaa miba. Akawaona watoto wake watatu wamekaa juu ya mzigo, mdogo kabisa bado anasema "kumi, kumi" chinichini. Vikapu vitatu vingemlisha mama na mtoto mmoja. Sasa achague mtoto yupi? Hasira ikampanda kutoka unyayoni hadi kwenye vile vifungo viwili vya masikio. Alitamani kumpigia Kiboko mluzi ndani ya pua.

Hakupiga. Akameza mate, akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, bwana, kwa kunieleza. Nami nakuomba nafasi nilifikirie neno lako. Nitakujibu karibuni."

"Karibuni," akakubali Kiboko, akaridhika, akazama. Chubwi.

Sasa Bi Pimbi hangeweza kulala kwenye Jiwe la Juu, kwa kuwa bado hakuwa mlinzi. Akatoka nje ya ua wa matete, akapata jiwe dogo lenye ufa. Ufa ule ulikuwa mwembamba, na juu ulikuwa wazi, mtu akilala chali anaona mbingu. Jua halina neno, lakini mvua ikija? Upande wa mashariki kulikuwa na wingu dogo. Akalitazama wingu, akawatazama watoto, akalichukua lile neno la Kiboko akaanza kulizungusha mdomoni kama karanga iliyogoma kuvunjika. Karibu. Alisema karibu, ikawa vitatu. Nikapiga hodi, akasema karibu, nikawa mgeni. Nikasema karibuni, akakubali.

Karanga ikavunjika. Bi Pimbi akacheka peke yake, na watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Asubuhi iliyofuata, Pundamilia na Swala wanakunywa maji, Bi Pimbi huyo, nje ya ua wa matete.

"Hodi."

"Karibu," akaitikia Kiboko, kwa mazoea.

Bi Pimbi akaingia na watoto, akakaa kivulini, akanyoosha miguu, akangoja. Kiboko akangoja pia. Swala akamtazama Pundamilia, Pundamilia akamtazama Kiboko. Kiboko akakumbuka. Akamnong'oneza Yangeyange, na kikapu cha viazi kikaletwa kimejaa. Watoto wakala mpaka matumbo yakawa ngoma. Kilichobaki Bi Pimbi akakipeleka kwenye ufa wa jiwe lake, maana kikapu cha mgeni hakirudi ghalani.

Jua likapanda, ngedere wakashuka. Chacha, chacha. Bi Pimbi aliwaona tangu walipokuwa nukta kwenye matawi. Aliwahesabu. Aliona yupi ni mkubwa wao, yupi anachechemea, mti upi wanaushukia. Akanyamaza. Kiboko akatoka majini, bwata, bwata, bwata, akakuta magunzi. La kwanza puani, la pili sikioni. Akarudi akifoka, akamuuliza Bi Pimbi kama hakuwaona.

"Niliwaona vizuri sana, bwana," akasema Bi Pimbi. "Lakini mimi ni mgeni wako. Nitapigaje kelele nyumbani kwa watu?"

Jua likatua, mgeni akaaga, akashukuru, akaenda zake kwenye ufa.

Siku ya pili: hodi. Karibu. Kikapu kikaja. Ngedere wakaja. Chacha, chacha, puani, sikioni.

Siku ya tatu: hodi. Karibu. Kikapu kikaja. Ngedere wakaja, na safari hii wamekuja na wajomba zao.

Yangeyange akatumwa kuulizia jibu. Bi Pimbi akampokea vizuri, akampa kipande kidogo cha kivuli chake, akamwuliza habari za kupe, akamwambia jibu linakuja karibuni. Yangeyange akarudi akasema, "Linakuja karibuni." Hakuongeza, hakupunguza.

Siku ya nne Kiboko akasema anaweza kuishi bila mluzi wa mtu asiye na mkia. Akamwamuru Yangeyange apande Jiwe la Juu, apige yeye. Yangeyange akapanda. Ngedere waliposhuka, akapanua mdomo, akatoa alichonacho: kwa, kwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Ngedere mkubwa akadhani ni salamu, akamjibu, akaendelea kuvunja mahindi. Yangeyange akashuka akiwa mwekundu chini ya manyoya meupe, na Bi Pimbi, ambaye hakupenda kumcheka mtu mnyonge, akatazama pembeni.

Siku ya tano Kiboko akapata wazo. Kama hataitikia, hatakuwa na mgeni. Akavuta pumzi, akazama wote, pua na masikio.

"Hodi," akasema Bi Pimbi.

Bulu, bulu, bulu, vikapanda viputo.

Bi Pimbi akakaa chini ukingoni, taratibu, kama mtu ambaye siku yake haina mwisho. "Hodi, wenyewe."

Bulu, bulu.

Pundamilia akaacha kunywa. Swala akamwambia, si kwa sauti kubwa lakini si kwa sauti ndogo, kwamba kumbe bwana huyu siku hizi haitiki hodi. Pundamilia akasema yeye mwenyewe alishaanza kusikia maneno. Na maji yanapitisha sauti, kwa hiyo yote yalifika chini, mpaka kwenye masikio yaliyozama. Pumzi ikapungua. Kifua kikawaka. Pfuuu! Kiboko akaibuka, uso kwa uso na Bi Pimbi, maji yanamchuruzika puani.

"Hodi, bwana," akasema Bi Pimbi.

"Karibu," akasema Kiboko.

Kikapu kikaja.

Siku ya sita ikapita hivyo, na ya saba, na ya nane. Ghala la viazi likaanza kuonyesha sakafu. Shamba la mahindi likasimama kama mdomo wa mzee, jino hapa, pengo pale. Lakini na wingu nalo halikulala. Lile la mashariki, dogo kama kiganja, sasa lilikuwa limefunika nusu ya mbingu. Kila jioni Bi Pimbi aliziba ufa kwa majani, na kila asubuhi upepo uliyatoa. Aliwafundisha watoto kulala wakiwa wamesimama, mgongo ukutani, akawaambia ni mchezo. Akilini alipiga mahesabu yake mwenyewe: mvua ikitangulia, maji yatajaa ule ufa, na sitakuwa na la kuomba isipokuwa vitatu. Alijua. Ila uso wake haukumwambia mtu.

Siku ya tisa jua halikuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka juu ya matete. Kwa kuwa hapakuwa na jua la kumchoma, Kiboko alitoka majini, akasimama mchangani mbele ya ua, mkubwa kama nyumba, na Bi Pimbi alipofika alikuta njia imezibwa na tumbo.

"Hodi," akasema.

"Karibu," akajibu Kiboko kwa meno. "Lakini leo utanijibu, mama. Ulisema karibuni. Siku tisa! Karibuni gani hiyo?"

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya pua ya Bi Pimbi. Lilikuwa la baridi, nalo lilipita mpaka moyoni. Nyuma yake, mtoto mdogo akamshika manyoya. Bi Pimbi hakulipangusa lile tone. Akatabasamu.

"Bwana, kama vitatu viko karibu na kumi, basi mwezi ujao uko karibu na leo."

Swala akapaliwa na maji. Pundamilia akampiga mgongoni, huku naye mabega yakimtikisika.

Kiboko akatishia kwamba atamwajiri mwingine, mlima umejaa pimbi. Hapo Yangeyange, ambaye hakuwahi kuongeza wala kupunguza, akakohoa kidogo juu ya mgongo wa bwana wake. Akaeleza kwamba alikwishakwenda tena mlimani, siku ya sita, kwa amri ya bwana mwenyewe. Kila pimbi alimuuliza swali moja: karibu kumi ni ngapi? Na alipowajibu, walirudi ndani.

Kiboko akatazama ghala lake. Akatazama mahindi. Kikapu kimoja kila siku kwa mgeni asiyefanya kazi, na hodi isiyokosa hata asubuhi moja. Tumbo likasema nguruu, na safari hii lilikuwa linalia.

"Mkia huna, maneno unayo," akasema. "Haya, taja. Unataka ngapi?"

Neno "kumi" lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Pimbi tangu Mlima Kokoto. Lilikuwa limetembea siku tatu kwa miguu na kulala siku nyingine tisa kwenye ufa. Lilitaka sana kutoka. Tone la pili la mvua likaanguka, na la tatu. Bi Pimbi akalishika lile neno, akalimeza.

"Kumi na viwili," akasema. "Na pango la Jiwe la Juu liwe letu, mimi na wanangu. Tuingie sasa hivi, kabla ya tone la nne."

Kiboko akaachama, mtu angeweza kuweka kiti mdomoni mwake. Akasema kwamba mama aliahidiwa karibu kumi. Akaita mashahidi: Yangeyange alikwenda na karibu kumi, alifika na karibu kumi, si kumi na viwili.

"Ndiyo, bwana, karibu kumi," akasema Bi Pimbi. "Nami nimekubali, sitoki hapo. Kaka Yangeyange, tafadhali, shuka utupimie. Kipi kiko karibu zaidi na kumi, vitatu au kumi na viwili?"

Yangeyange akashuka mchangani. Akachora alama ya vitatu, akatembea kwa miguu yake mirefu kuelekea kumi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Akasimama, akavuta pumzi. Akaenda kwenye kumi na viwili, akatembea kuelekea kumi: moja, mbili. Amefika.

Hata mto ulipunguza mwendo. Pundamilia akarudia chinichini, "Hatua saba. Hatua mbili." Na Kiboko akaona, mbele ya wanywaji wote wa maji ya asubuhi, kwamba neno lake mwenyewe limemgeukia na kumtazama usoni.

"Kumi na viwili," akasema, kama mtu anayetoa mfupa kooni.

"Kamili?"

"Kamili."

"Si karibu?"

"Mama," akasema Kiboko, "hilo neno lisitajwe tena hapa."

Bi Pimbi akawageukia watoto, akasema moja tu: mbio. Wakapita chini ya tumbo la Kiboko, wakaruka matuta ya viazi, pata, pata, pata, wa kwanza akaingia pangoni, wa pili akaingia, wa tatu akaingia, na mvua ikaanguka kama mtu aliyekuwa amezuiwa mlangoni. Shhhhaa. Bonde lote likawa maji. Ule ufa nje ya ua ukajaa mpaka juu. Ndani ya Jiwe la Juu palikuwa pakavu kama kiganja cha mkono.

Na mvua ilipokatika, jua likapanda, ngedere wakashuka, wao na wajomba zao na mashemeji, kwapa wazi, bila wasiwasi. Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe lake. Mdogo vile vile, masikio vifungo viwili, mkia hana. Akajaza kifua.

Fiiiiu!

Mluzi ukagonga ukingo wa kulia, ukagonga ukingo wa kushoto, ukarudi ukiwa mara tatu. Kisha ukaja wa pili, mfupi, wa kuonyesha mti gani, na wa tatu, mrefu, wa kuonyesha yule mkubwa yuko wapi. Kiboko alikuwa ameshatoka majini kabla hawajagusa hindi la kwanza. Bwata, bwata, bwata! Ngedere wakapigana vikumbo kurudi mitini, shemeji akamkanyaga mjomba, na hapakuwa na gunzi hata moja la kurusha. Siku ile Kiboko alirudi mtoni na pua nzima. Hakusema kitu, lakini alitazama juu ya jiwe, na Swala anaapa kwamba kichwa chake kiliinama kidogo.

Mwezi ukaisha. Vikapu kumi na viwili vikaletwa, na Yangeyange ndiye aliyevileta. Alipoweka cha mwisho hakuondoka. Alisimama mguu mmoja, akabadilisha, akasimama mguu wa pili. Hatimaye akamwuliza Bi Pimbi, kwa sauti ya chini, iwapo mtu aliyefanya kazi miaka saba kwa malipo ya kupe anaweza kulizungumza jambo hilo, na kama anaweza, anaanza vipi.

Bi Pimbi akamtengenezea unyoya mmoja uliokuwa umekaa upande. "Unaanza kwa adabu, kaka," akamwambia.

Asubuhi yake Yangeyange hakutua mgongoni. Alitua ukingoni, mbele ya Pundamilia na Swala. Akakohoa.

"Hodi, bwana."

Kiboko akamtazama. Akatazama mbinguni. Akavuta pumzi, chubwi, akazama wote, pua na masikio.

Na mpaka leo, ukimsogelea kiboko mtoni, anazama kabla hujafungua mdomo. Watu husema anaogopa mkuki. Mkuki gani? Anaogopa hodi.

Sasa funzo, na mlishike vizuri. Ukipata kazi ugenini, usiulize mshahara ni ngapi. Kuuliza ni utovu wa adabu. Ukipewa vitatu, pokea kwa mikono miwili, ushukuru, uwagawie wanao kwa zamu. Bi Pimbi hakusikia funzo hili, na tazameni yaliyompata: mpaka leo analazimika kula vikapu kumi na viwili kila mwezi, na amenenepa hata shingo haionekani. Msiwe kama yeye.

Ngano yangu imepita.
— Ipite salama!
Imetua wapi?
— Pakavu!
Je, imeisha, au iko karibu kuisha?
— Kamili! Kamili!